Mwalimu Mgeni Kijijini: Lipi Kweli, Lipi Uzushi?

Shule nyingi za sekondari Afrika Mashariki zimewahi kumpokea. Anashuka kwenye basi na begi mgongoni, anakabidhiwa nyumba ya mwalimu, mukhtasari wa Kiingereza na vipindi vya kidato cha kwanza. Kabla hajafungua mizigo, kijiji kimekwisha kumjua: ni tajiri, ni mtalii, ni jasusi, ni mkombozi. Naye amekuja na yake kichwani kuhusu sisi. Pande mbili zinapoishi kwa dhana, anayeumia ni mwanafunzi aliyekaa dawati la nyuma akisubiri kufundishwa.

Walimu hawa wa kujitolea hawakuanza kuja jana. VSO, shirika la Uingereza la kupeleka wajitoleaji, lilianzishwa mwaka 1958 na Alec Dickson na mkewe Mora. Tarehe 1 Machi 1961, Rais John F. Kennedy wa Marekani alitia saini amri iliyounda Peace Corps, shirika la wajitoleaji la nchi yake, na mwezi Agosti mwaka huohuo kundi la kwanza la watu zaidi ya 50 lilitua Accra kwenda kufundisha sekondari za Ghana. Tanganyika nayo ilipokea kundi lake mwaka huo, ila wale wa kwanza walikuwa wapimaji ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Walimu walifuata baadaye. Kwa zaidi ya miaka 60 ya kupokea wageni hawa, tumelimbikiza madai mengi juu yao. Tuyapime moja moja.

Dai la 1: "Kujitolea maana yake hapati hata senti."
NUSU KWELI

Mshahara hapati. Anachopata ni posho ya kujikimu, inayokadiriwa ili aishi kama watu anaofanya nao kazi. Mjitoleaji wa Peace Corps hugharimiwa pia matibabu na nauli ya kuja na kurudi, na akimaliza muda wake hupewa fedha za kuanzia maisha kwao. VSO nayo hutoa posho na kugharimia makazi. Posho hiyo huishia kwenye mchele, mkaa, vocha, nauli ya kwenda benki mjini, na michango ya misiba na harusi kama ya mwalimu mwingine yeyote.

Lipo kundi la pili ambalo watu hulichanganya na hili: wanaolipa ili wajitolee. Kampuni za safari huwatoza wageni ada kubwa kwa wiki chache za kukaa shuleni. Ada hiyo hugharimia malazi, chakula, usafiri na faida ya kampuni, na shule inaweza isione hata shilingi moja. Mkuu wa shule anayeambiwa "tunakuletea mjitoleaji" ana haki ya kuuliza kwanza: nani amelipa, amelipwa nani, na kinachobaki hapa ni nini?

Kwa yule wa posho, kosa letu kubwa ni kumgeuza benki. Kila mzazi anapomwendea kwa shida ya ada, mgeni hujifungia ndani, na mwalimu aliyejifungia ndani hana faida kwa mtu. Tumwombe muda wake na ujuzi wake, kwa kuwa ndivyo alivyokuja navyo.

Dai la 2: "Anaishi kitalii, kazi ni picha tu."
SI KWELI

Tuitazame siku yake kwa karibu. Alfajiri anapanga ndoo mbili za maji zitoshe kuoga, kupika na kuosha vyombo, maana foleni ya kisimani haimsubiri mwalimu. Mkaa umelowa mvua ya usiku na jiko halitaki kushika. Saa moja na nusu yuko paredi. Kipindi cha kwanza ana wanafunzi 70, watatu watatu kwenye dawati la watu wawili, na vitabu visivyotosha robo ya darasa. Inambidi aandike kifungu chote cha habari ubaoni kwa chaki, na wanafunzi wakinakili. Nusu ya kipindi imekwenda kabla hajauliza swali la kwanza.

Mchana analeta ofisini insha za mikondo miwili, madaftari 140. Akitumia dakika 3 tu kwa kila daftari, ni saa 7 za kusahihisha. Anayafunga kwa kamba, anayabeba nyumbani, na umeme ukikatika anaendelea kwa tochi ya simu. Baada ya hapo kuna andalio la somo la kesho, na wiki ya zamu ikifika yuko shuleni kabla ya wanafunzi.

Malaria nayo haichagui pasipoti. Mtu aliyekulia nchi isiyo na malaria hana kinga yoyote mwilini, kwa hiyo akiugua huzidiwa haraka kuliko wenyeji; ndiyo maana Peace Corps huwataka wajitoleaji wa maeneo yenye malaria kumeza dawa za kujikinga muda wote. Vijana wa bodaboda nao huona anawadharau anapokataa kupanda. Katika nchi nyingi shirika hilo limewapiga marufuku wajitoleaji kupanda pikipiki kwa sababu ya ajali, na anayekiuka anaweza kurudishwa kwao. Anatembea kwa miguu kwa sababu ya kanuni, wala si kwa majivuno.

Dai la 3: "Ni jasusi wa nchi yake."
SI KWELI

Hofu hii ina mizizi. Peace Corps ilizaliwa katikati ya Vita Baridi, na Marekani haikuficha kwamba ilitaka marafiki katika nchi zilizokuwa zikipata uhuru. Mwaka 1969, vita vya Vietnam vikiwa vimechafua uhusiano na Tanzania ikijenga Ujamaa na Kujitegemea, shughuli za wajitoleaji hao nchini zilisimama. Zilirejea miaka kumi hivi baadaye.

Lakini ni hofu hiyohiyo iliyolifanya shirika liweke kanuni kali. Mtu aliyewahi kuajiriwa na CIA haruhusiwi kujiunga nalo maisha yake yote, na waliofanya kazi katika vyombo vingine vya ujasusi husubiri miaka mingi kabla ya kufikiriwa. Shirika lenyewe ni chombo cha sera ya nchi yake, jambo linalosemwa wazi. Mwenye wasiwasi na mwalimu mgeni aende ofisi ya mkuu wa shule, aulize kibali na barua ya kumtambulisha. Hilo ni swali halali na linajibika. Minong'ono ya kijiweni haimlindi mtu. Humfanya tu mwalimu aishi kama mshukiwa.

Dai la 4: "Aliyezaliwa na Kiingereza ndiye mwalimu bora wa Kiingereza."
SI KWELI

Dai hili lilikaribishwa rasmi hapa kwetu. Januari 1961, katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ulifanyika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza. Mtaalamu Robert Phillipson, katika kitabu chake *Linguistic Imperialism* cha mwaka 1992, alikusanya imani tano zilizotokana na mkutano huo: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tupu, kwamba mwalimu anayefaa zaidi ni mzawa wa lugha, kwamba kadiri mtoto anavyoanza mapema ndivyo bora, kwamba kadiri Kiingereza kinavyokuwa kingi ndivyo bora, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa, Kiingereza kitashuka. Phillipson alizichambua zote tano na kuziita potofu. Ukisikiliza vikao vya wazazi leo utazikuta zote bado zina afya njema.

Kusema lugha ni kipaji cha kila binadamu. Kuieleza ni taaluma. Mswahili hasiti kusema "kitabu kimeanguka" na "kiboko amelala", lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kumweleza Mjapani kwa nini majina mawili yanayoanza kwa sauti moja yanachukua viambishi tofauti? Ndivyo alivyo kijana wa Chicago akiulizwa kwa nini tunasema "I have lived here for two years" lakini "I lived there in 2010". Kama hakusomea, atajibu kwamba ndivyo inavyosemwa.

Mwalimu wetu, aliyejifunza Kiingereza kwa jasho, anajua mahali pa kujikwaa. Juma akiandika "My sister he is sick", mgeni ataona uzembe. Mwalimu mwenyeji ataona mara moja kwamba Kiswahili kinasema "anaumwa" kwa kaka na kwa dada, na kwamba Juma hajawahi kulazimika kuchagua. Akishajua chanzo, anajua na dawa. Isitoshe, duniani wanaotumia Kiingereza kama lugha ya kujifunza ni wengi kuliko waliozaliwa nacho.

Mgeni naye ana chake. Kwake mwanafunzi husikia lugha ikitembea kwa mwendo wake wa kawaida, na hulazimika kuitumia kwa sababu mwalimu huyu hajamudu Kiswahili. Klabu za midahalo na za kusoma huchangamka. Darasa linalofaidi ni lile ambalo hawa wawili wanaandaa masomo pamoja.

Dai la 5: "Darasani iwe Kiingereza tupu, Kiswahili kinaharibu."
SI KWELI

Hii ni imani nyingine kati ya zile tano, na ndiyo iliyowaumiza watoto zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika *Decolonising the Mind* (1986) jinsi shuleni kwake Kenya kifungo kilivyopitishwa mkono kwa mkono ili kumnasa aliyesema Kigikuyu, na adhabu zilizofuata. Vibao na adhabu za namna hiyo vimeonekana katika shule nyingi za ukanda huu, na mgeni anayefika huambiwa asiongee Kiswahili hata kama mtoto hajaelewa kitu.

Tanzania inajua gharama yake. Mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, halafu akiingia kidato cha kwanza anakuta biolojia, jiografia na hisabati zote kwa Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd waliripoti kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kufuata masomo. Tangu mwaka 2002 mradi wa LOITASA, uliowaunganisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, ulionyesha kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa lugha wanayoijua walielewa zaidi. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amesisitiza kwa miaka mingi kwamba kufundisha Kiingereza vizuri kama somo ni jambo moja, na kukifanya lugha ya kufundishia kila somo ni jambo jingine.

Mjitoleaji mwenye busara hujifunza hili mapema. Sentensi moja ya Kiswahili mahali panapostahili huokoa robo saa ya kuchora na kuigiza. Dakika zilizookolewa ndizo za mazoezi, na mazoezi ndiyo yanayojenga Kiingereza.

Dai la 6: "Wajitoleaji wote ni Wazungu vijana."
SI KWELI

Peace Corps hudai uraia wa Marekani na umri usiopungua miaka 18. Ukomo wa juu haupo. Lillian Carter, mama wa Rais Jimmy Carter, alikuwa na miaka 68 alipokwenda India mwaka 1966 kufanya kazi ya uuguzi kwa kujitolea. Wamarekani Weusi na Wamarekani wenye asili ya Asia wamo pia, na baadhi yao hukutana na majonzi ya pekee: kijiji kilimtarajia Mzungu, akashuka mtu mweusi, na wenyeji wakauliza mwalimu wenyewe yuko wapi. Huko ni kumvunjia heshima aliyekuja kutuhudumia, na ni kujivunjia heshima sisi wenyewe. VSO nayo imepeleka ng'ambo wataalamu wa Kenya, Uganda, India na Ufilipino. Mwafrika naye hujitolea nje ya nchi yake.

Na ukweli ulio karibu zaidi hausemwi vya kutosha. Nenda shule za serikali za vijijini Tanzania uulize walimu wa kujitolea ni akina nani. Wengi utakaowakuta ni vijana wetu, wenye shahada na stashahada za ualimu, wanaofundisha kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi huku wakisubiri ajira. Hao hawapigiwi ngoma wanapofika wala hawaandaliwi sherehe ya kuagwa. Wanastahili heshima ileile anayopewa mgeni.

Dai la 7: "Amekuja kufundisha, hana cha kujifunza."
SI KWELI

Mjitoleaji wa Peace Corps hukubali miezi 27 ya huduma. Kama mitatu ya mwanzo ni ya mafunzo: anakaa na familia, anasoma Kiswahili, anajifunza kuoga kwa kopo na kusonga ugali. Kisha anapimwa lugha kabla ya kupelekwa kituoni. Hata hivyo hayo ni mwanzo tu. Shuleni atagundua kwamba mbele ya mkuu wa shule, au mzee wa kijiji, kazi haianzi mpaka salamu zikamilike. Akipita bila kumwamkia bibi wa jirani "Shikamoo, bibi" na kungoja "Marahaba, mwanangu", habari itafika sokoni kabla yake kwamba mwalimu mpya ana kiburi.

Mwandishi wa Marekani Peter Hessler alipelekwa na Peace Corps kufundisha Kiingereza katika chuo cha ualimu cha Fuling, China, mwaka 1996. Alikaa miaka miwili, na kitabu alichokiandika juu ya kipindi hicho, *River Town*, kimejaa yale aliyofundishwa na mji na wanafunzi wake. Hata huko, walimu wa aina hii hupimwa kwa masikio yao kwanza.

Linaloumiza sana katika miezi ya mwanzo ni upweke. Kila mtu anamwita jina njiani, watoto wanamfuata, lakini jioni hana wa kuzungumza naye mambo ya moyoni. Mwalimu mwenzake anayemwalika kula chakula cha jioni humwokoa kuliko anavyodhani. Baadhi ya wanaokata tamaa na kuondoka mapema hawashindwi na kazi. Hushindwa na ukimya wa nyumba.

Dai la 8: "Picha na maneno anayotuma kwao hayatuhusu."
SI KWELI

Oktoba 1961, mjitoleaji mmoja kijana akiwa mafunzoni Ibadan, Nigeria, aliandika postikadi kwa rafiki yake akieleza kwa mshtuko hali ya maisha aliyoikuta. Postikadi ilianguka kabla ya kufika posta, wanafunzi wa chuo wakaiokota na kuisambaza. Maandamano yalifuata, naye akalazimika kuondoka. Peace Corps haikuwa na hata mwaka mmoja tangu izaliwe.

Postikadi ile ilianza kusomwa katika chuo kimoja. Leo picha ya mtoto aliyevaa sare iliyochanika inasambaa dunia nzima kabla ya kengele ya mapumziko, na mtoto huyo atakuwa mtu mzima picha yake ikiwa bado inazunguka. Mtoto si pambo la safari ya mtu. Shule iweke utaratibu ulioandikwa: hakuna picha ya mwanafunzi bila ridhaa ya mzazi na ya mkuu wa shule, hakuna kutaja majina yao, hakuna kuomba michango kwa sura zao. Mgeni mwenye nia safi hatakwazika na utaratibu huo.

Dai la 9: "Msaada ni msaada, hata wa wiki mbili."
SI KWELI

Somo la lugha hujengwa kwa mfululizo. Kila wiki mbili akija mtu mpya, kila mtu mpya huanza na majina, rangi na nyimbo. Watoto wa shule zilizo karibu na vivutio vya utalii huweza kumaliza mwaka wakijua kuimba vizuri na wasijue kuandika aya moja. Mtihani wa kufungia hauulizi nyimbo.

Kwenye vituo vya watoto hatari ni kubwa zaidi. Nchini Cambodia na Nepal imethibitika kwamba watoto wengi waliokuwa kwenye vituo vya yatima walikuwa na angalau mzazi mmoja aliye hai. Mmiminiko wa wageni wenye fedha ulichangia kuvijaza vituo hivyo. Mtoto anayezoeshwa kupenda mgeni na kuachwa, kila baada ya wiki chache, anaumizwa.

Sheria nayo ipo. Wako wanaodhani kwamba asiyelipwa hahitaji kibali. Nchini Tanzania, viza ya utalii hairuhusu kujitolea. Mjitoleaji wa muda mrefu huombewa kibali cha ukaazi cha daraja C, kundi moja na wanafunzi na watafiti. Shule inayompokea mgeni bila kibali, bila vyeti na bila cheti cha polisi cha tabia njema imeacha mlango wa darasa wazi kwa yeyote.

Dai la 10: "Anamnyang'anya kazi mwalimu wetu."
INAWEZA KUWA KWELI

Hapa tuseme bila kuficha. Tanzania ina walimu wengi wa masomo ya sanaa, Kiingereza kikiwemo, ambao hawajaajiriwa. Nafasi zinapotangazwa, waombaji huzipita kwa mbali. Upungufu mkubwa uko kwenye hisabati na sayansi. Kumpa mgeni vipindi vyote vya Kiingereza, huku mhitimu wetu amekaa nyumbani, ni kuifanya shule izoee mwalimu wa bure. Hata serikali inaweza kuzoea.

Rwanda inatoa picha tofauti. Mwaka 2008 serikali yake iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa shuleni. Walimu waliosoma maisha yao yote kwa Kifaransa walitakiwa wafundishe kwa lugha ambayo wengi hawakuimudu. Hapo mgeni wa Kiingereza alihitajika kweli, na alihitajika zaidi kwa walimu wenyewe kuliko kwa darasa moja la wanafunzi 50.

Kipimo ni hiki: mgeni awekwe panapopelea, na akiwepo afanye kazi na mwenyeji bega kwa bega. Akimfundisha mwalimu mmoja mbinu ya kuendesha darasa kubwa kwa makundi, mbinu hiyo itawafikia wanafunzi wa miaka thelathini ijayo.

Dai la 11: "Nia njema ikiwepo, matokeo yatakuja yenyewe."
SI KWELI

Michael Kremer alikuwa kijana aliyetoka Chuo Kikuu cha Harvard alipofundisha kwa mwaka mmoja katika sekondari magharibi ya Kenya katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1986 aliongoza kuanzishwa kwa WorldTeach, shirika la kupeleka walimu wa kujitolea. Nia njema alikuwa nayo tele. Baadaye, akiwa mchumi, alirudi eneo la Busia kupima misaada ya elimu inafanya nini hasa. Yeye na wenzake Paul Glewwe na Sylvie Moulin walichunguza shule zilizopewa vitabu vya kiada. Ilitarajiwa kwamba alama zingepanda. Wastani haukupanda, waliofaidika ni wale waliokuwa tayari mbele. Sababu moja waliyoitoa ni kwamba vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto hao. Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi ya kupima mambo ya aina hii.

Tujifunze hapo. Mapenzi kwa watoto hayatoshi. Ni lazima tuulize wameelewa nini, na tuulize kabla mgeni hajaondoka.

Kwa hiyo, mkuu wa shule, usimpokee mjitoleaji bila kuona vibali vyake, na usimpe darasa bila mwalimu mwenza. Mwalimu mwenzangu, keti naye kwenye azimio la kazi: mpe unachokijua kuhusu watoto wetu, na uchukue anachokijua kuhusu lugha yake. Mzazi, mkaribishe chai na uache habari za ada. Nawe kijana wa Dodoma, Kisumu au Bujumbura unayetaka kwenda kujitolea ng'ambo, haya yote yanakuhusu pia: soma lugha ya watu kwanza, jua sheria zao, na kaa muda wa kutosha. Mwalimu wa kujitolea, awe mgeni au mwenyeji, hupimwa kwa kitu kimoja: wanafunzi wake wanaweza kufanya nini mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka.